Kilo Kumi na Nane za Kimea

Kinu chetu pale Busiu hakijui dini.
Ukikipa muhogo kitatoa unga,
ukikipa msumari kitatoa cheche na kelele.
Mwenye kinu ndiye anayejua.

Mzee Gidudu aliokoka mwaka ule wa maporomoko,
akamwaga mtungi wake wa mwisho nyuma ya choo,
na ukutani, juu ya bei ya kilo, akaandika kwa chaki:
HAPA HATUSAGI KIMEA.

Mimi Swaibu ni mpimaji. Mizani, daftari,
ufunguo wa swichi.
Ijumaa, saa sita na nusu, Mzee hunizimia mashine mwenyewe:
"Nenda. Mungu asikungoje kwa sababu ya pumba zangu."
Hajanikata hata shilingi.

Niliwahi kunyimwa chumba Mbale, nyuma ya stendi.
Mwenye nyumba alikwisha kuhesabu kodi, mara mbili,
ndipo akauliza jina.
Akanirudishia noti moja moja, kwa upole,
kama anayerudisha sahani za msibani.
Kwa hiyo Mzee namheshimu. Hilo lisemwe kwanza.

Mwaka huu ni wa shufwa, mwaka wa kisu.
Vijana wanapita barabarani na njuga, nyuso nyeupe kwa unga,
na Khainza, mjane wa fundi baiskeli,
akaja na gunia la ulezi uliochipua ukaanikwa.
Mwanawe anasimama uani Jumanne.
Bila busaa wazee hawatakaa,
na wazee wasipokaa
mtoto atasimama mbele ya nani?

Mizani ikasema kumi na nane. Nikaandika.

Mzee akatoka, akanusa.
"Mama, wewe si mbaya, wala pesa yako si mbaya.
Lakini mrija ulinizikia ndugu wawili.
Siwezi kusaga kitu
nitakachokuja kukisikia kikicheka usiku."

"Sikuja kununua wokovu wako," Khainza akasema.
"Nimekuja kununua dakika kumi za mashine."

"Mashine ni yangu."

"Na umeme? Nguzo ile tulichanga sote.
Mume wangu aliibeba begani,
na siku hiyo alikuwa amekunywa."

Foleni ikacheka, kisha ikakoma kucheka.
Mmoja akasema kuna sheria.
Mwingine akasema hata dhamiri ina sheria yake.
Wa tatu akasema songeni, mvua inakuja, mahindi yangu yataloa.

Mzee alikuwa anatetemeka midomo.
Sijamwona mwongo siku ile, wala leo.

Na mimi? Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.
Jibu nilikuwa nalo tayari: pombe ni haramu kwangu pia.
Nikajivuta chini ya neno hilo
kama mtu anayejivuta chini ya blanketi,
nikakuta upande wa pili kuna joto la mtu.
Ni yule mwenye nyumba wa Mbale,
amejifunika hadi kidevuni.

Nilichofanya ni hiki: nikabeba gunia hadi lami,
nikalifunga kwa mpira nyuma ya bodaboda,
maili nane kufika kinu cha mjini.
Nauli ingekula bei ya kusaga mara tatu.
Nikataka kumpa nusu. Hakunyosha mkono.

"Mgongo wako nimeuona, ahsante," akasema.
"Nauliza ule mkono wenye ufunguo."

Bodaboda ikaondoka.

Daftarini mstari upo hadi leo:
Khainza, 18, na safu ya pesa ni tupu.
Mzee huufunua ukurasa ule akaupita haraka.
Nami huupita haraka.

Ijumaa iliyofuata, nikitafuta leso,
nikakuta punje moja kwenye mshono wa mfuko,
bado ina kamzizi kake, kakavu, kembamba kama uzi.
Sikuitupa. Sikujua niiweke wapi.

Mashine ikazimwa.
"Nenda," Mzee akasema, "Mungu asikungoje."

Nikaenda polepole.
Kwa mara ya kwanza
nilitamani angoje kidogo.